Nilichosema Bafuni kwa Memsahibu

Kitale, Jumanne, mwezi wa saba, 1953. Mvua tangu alfajiri. Mikono yangu inanuka lami na ugali umenishinda.

Leo wamemchukua Kamau.

Ilikuwa siku yetu ya tatu katika bafu la memsahibu. Anataka vigae juu ya sakafu ya mbao, na vigae havitaki mchezo: ubao ukinesa kidogo tu, vinapasuka. Juzi tuling'oa mbao zilizooza, tukaweka mpya, tukazikaza zote kwa skurubu. Leo Kamau alivua viatu akatembea juu yake pole pole, akitafuta kwa nyayo mahali palipolegea. Ndivyo alivyonifunza miaka minne iliyopita, nilipotoka kwetu Misikhu bila kujua hata kushika randa.

"Wekesa, hapa bado panalia," akasema.

Nikapiga magoti kukaza. Ndipo askari wawili wakaingia na buti za matope. Wakasoma kipande chake cha utambulisho. Hawakutaja kosa. Siku hizi za Mau Mau jina la Kikuyu linatosha.

Mmoja akanigeukia. "Wewe, huyu unamjua? Marafiki zake nao wanapanda lori."

"Namjua kazini tu, afande."

Kazini tu!

Mwaka jana Kamau alisafiri nami mpaka Misikhu, tukachonga jeneza la mama pamoja, akalibeba na ndugu zangu. Leo alisikia jibu langu. Walimtoa bila viatu.

Memsahibu alikuja mlangoni kuuliza kama sakafu itakuwa tayari Ijumaa. Nikasema ndiyo. Nikatandika karatasi ya lami, nikapigilia waya wa kuku juu yake ili saruji ishike, peke yangu, mpaka saa kumi. Kazi ilitoka safi. Hilo ndilo linaloniuma: hata msumari mmoja haukupinda.

Jioni nilimpelekea mke wa Kamau vile viatu. Nilimkuta anafunga mizigo, kwa sababu wameambiwa wake na watoto wa waliokamatwa nao wataondolewa keshokutwa.

"Ulikuwepo?" akaniuliza.

"Nilikuwepo, Mama Njoroge."

"Na wewe hawakukuuliza kitu?"

"Hapana."

Akanishukuru kwa kuja na mvua yote hii. Akanimiminia chai iliyobaki kwenye sufuria. Nikainywa yote, mtoto wao akinitazama.

Kesho, kabla ya kazi, nitapita kituo cha polisi niseme: namjua, nimekula kwake, alinizikia mama yangu. Pengine haitamrudisha. Pengine na mimi nitapanda lori. Naandika hapa kwa wino ili asubuhi nisijifanye sikusema nitakwenda.

Lakini Wekesa, ukifika kwenye lango lile na askari akuulize una shida gani, utafungua mdomo?