Neno Langu kwa Jagdish

Jumatano, 3 Oktoba

Dada yangu Ulamila amekuja asubuhi na furushi la mizizi ya kava, ile ya kusagwa kuwa kinywaji cha heshima, mwanawe Semesa nyuma yake, kavaa shati la kanisani siku ya kazi. Nikajua. Hakuna anayekuja hapa kwangu Lami na kava saa mbili asubuhi kwa ajili ya kusalimia tu.

Nafasi imetoka. Ofisa wa kwanza kwenye Drodrolagi, meli ya abiria iendayo visiwa vya Lau. Mtu wa pili baada ya nahodha, msimamizi wa upakiaji. Yeye ndiye husema huyu apande, yule abaki. Mwenye meli ni Jagdish, rafiki yangu tangu tulipokuwa tukitoana jasho kwenye midahalo ya shule.

Ulamila: niseme neno moja tu kwa Jagdish. Nikamkumbusha kwamba nimeandika gazetini miaka nenda miaka rudi kulaani kazi za kupeana kindugu. Chuo kikuu kilinifukuza kwa ajili hiyo.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, kaka," akasema. "Wewe hujawahi kumsifu mtu. Ukimsifu mmoja, wataamini."

Mwanamke huyu ana akili kuliko baraza zima la mawaziri.

Na Semesa ni mtoto wa dada. Kwetu mtoto wa dada akitaka kitu cha mjomba anachukua — nguruwe, shati, mashua — na mjomba anacheka. Sasa anataka neno langu. Sikucheka. Lakini kava nimeipokea.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimefikiri siku tatu. Nimekasirika siku tatu pia.

Barua za sifa za nchi hii ni hotuba za mazishi. Marehemu hana kosa. "Mchapakazi, mwaminifu, mcha Mungu." Maneno hayo unaweza kumwandikia hata fahali wa jirani. Nilipokuwa kwenye kamati za ajira nilizisoma kwa magunia, na sikumbuki hata moja iliyonionyesha mtu.

Ukitaka kumpendekeza mtu vizuri, sema ulichokiona kwa macho yako: alikuwa wapi, anafanya nini, mambo yalipoharibika alishika nini kwanza. Usichokijua, sema hukijui. Kisha sema mwajiri ajihadhari na nini. Mtu asiye na dosari ni mtu ambaye hajaangaliwa.

Basi nitakwenda kumwangalia. Torika, mke wangu, amecheka. Anasema nimeshakubali, sasa natafuta njia ya kukubali kwa hasira.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimepanda boti anayofanyia kazi Semesa sasa, ile ndogo ya visiwa vya karibu. Nikakaa nyuma kama abiria yeyote.

Kijana ni hodari. Hilo niliandike wazi. Kila kamba aliikagua kwa mkono wake mwenyewe. Injini ilipozimika karibu na mwamba hakupaza sauti. Alinusa, akashuka chini, akarudi na mikono myeusi, tukaendelea. Halewi. Maji yale anayajua kama ua wa nyumba ya mama yake.

Wakati wa kurudi, boti imejaa, kamba imeshafunguliwa, akatokea mchungaji mzee na ukoo wake, mikeka, magunia ya magimbi. Semesa akatazama maji yalipofika ubavuni mwa boti. Akamtazama mzee.

"Samahani, mchungaji. Tumejaa."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyembatiza mama yako."

Akavua kofia. Akawapandisha wote. Makoti ya kuokolea hayakutosha. Akavua la kwake akampa mtoto wa mchungaji. Tulirudi na maji yakilamba ukingo. Watu waliimba nyimbo za kanisa. Mimi sikuimba.

Gatini nikamvaa. Kitu gani kilikuzuia kusema hapana?

"Mjomba, ningemwambiaje? Ni mzee."

"Neno ni moja tu, Semesa."

Akacheka, akanishika bega. "Wewe mwenyewe umewahi kuniambia hilo neno?"

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimekwenda ofisini kwa Jagdish. Nimemwambia yote, kama nilivyojiwekea. Kamba. Injini. Kutokulewa. Akawa anaitikia kwa kichwa, anafurahi. Kisha nikasema: sasa dosari. Kijana huyu hawezi kumkatalia mzee. Nimeliona kwa macho yangu. Boti imejaa, mzee akasema neno, wakapanda.

Nilitazamia akunje uso. Akaegemea kiti, akacheka.

"Profesa, hiyo nayo ni dosari? Unajua aliyekuwepo aliondoka kwa nini? Alimfokea mke wa chifu ngazini, mbele za watu. Mpaka leo kuna kisiwa hawataki kuisikia meli yangu."

"Jagdish, hapo sikumsifu. Nimekuonya."

"Nimekuelewa."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba kijana ana adabu." Akanisogezea chai. "Na kama wewe, mwenye ulimi huo, unasema ni hodari, nitafute nini tena?"

Nilirudia. Kwa sauti kubwa zaidi. Karani akachungulia mlangoni. Jagdish akasema wazee aachiwe yeye, atawamudu mwenyewe. Nikanywa chai.

Nilisema. Liandikwe hapa: nilisema, tena mara mbili. Nchi hii ukitaka kumwonya mtu, onyo lako litavishwa shada la maua.

Jumatatu, 15 Oktoba

Amepata. Ulamila ameleta nguruwe mzima. Siwezi kumla.

Ijumaa, 2 Novemba

Jagdish amenipigia, hana hali kwa furaha. Wazee wa visiwani wanamtumia mikeka. Mmoja amempa kasa wa kuchonga. Nikauliza meli inajaa kiasi gani. "Inapendwa," akajibu. Sikuuliza kuhusu mapenzi.

Nikamwambia: weka mtu wa pili gatini. Mtu asiye wa kwetu, asiyejua nani ni shangazi ya nani. Awahesabu na kufunga mlango. Jambo rahisi. Anasema nahodha yupo. Nahodha! Mzee wa miaka sitini na ushei anayetoka kitandani honi ya kuondoka ikishalia.

"Profesa, umeshampendekeza. Sasa muache afanye kazi."

Nimekwaruzana na mhariri leo, na dereva wa teksi, na Torika. Torika kaniambia nikamalize ugomvi wangu na yule ninayegombana naye hasa.

Jumapili, 16 Desemba

Semesa amekula hapa baada ya ibada. Amekonda. Krismasi imekaribia, watu wote wa Lau wanarudi kwao.

"Kila safari wanaongezeka, mjomba. Wameshajua."

"Wameshajua nini?"

"Kwamba mimi ni mtoto wa watu."

Nikamwambia aache kazi. Mama yake ameshamwambia ukoo mzima, akasema, aache vipi? Basi nikamwambia tufanye mazoezi. Torika akacheka, akavuta kiti. Nikajitanda mkeka kiunoni, nikawa chifu. Nikaja mezani polepole, nikaketi chini mbele yake kama waketivyo wazee wakiomba, nikainamisha kichwa.

"Mwanangu. Mke wangu mgonjwa. Nipandishe."

Akacheka.

"Nipandishe, mwanangu. Nimetoka mbali."

Akaacha kucheka. Akafungua mdomo. Torika naye akaacha kucheka. Kijana ana mabega kama mlango wa ghala, na pale mezani, mbele ya mjomba wake aliyejitanda mkeka, hakuweza. Macho yakamjaa maji. Akasema, "Mjomba, inuka. Tafadhali inuka."

Tukala mihogo.

Nimempigia Jagdish. Hapokei simu Jumapili.

Alhamisi, 20 Desemba

Redio: upepo mkali unakuja kutoka kaskazini, labda kesho jioni, labda utapinda. Drodrolagi inaondoka kesho mchana. Nimekwenda ofisini. Jagdish yuko Nadi kwenye harusi. Nikamwandikia karani onyo lote, neno kwa neno. Akalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa. Nikatoka nikiwa nimeingiwa na hofu ya ile adabu.

Ijumaa, 21 Desemba

Semesa kapiga simu kabla ya saa sita. Sauti ya chini. Nyuma yake watu wanaimba.

Chifu mzee wa kwao Semesa, kule Lau, kafariki hospitali ya hapa Suva. Jeneza liko gatini. Waombolezaji wote wanataka kurudi naye nyumbani kabla ya upepo. Meli imeshajaa tangu asubuhi. Msemaji wa chifu kaketi chini mbele ya ngazi, kamtolea jino la nyangumi, ombi ambalo ukishalipokea huwezi tena kulikataa. Yeye. Semesa. Mbele ya gati zima.

"Umelipokea?"

"Bado. Nimesema nampigia mwenye meli. Hapokei. Nimekupigia wewe."

Nikasema kataa. Jeneza lipande, watu wabaki.

"Nikatae kwa jina la nani?"

"Kwa jina langu. Mimi ni mjomba wako. Waambie mjomba wangu amekataa, waje Lami wanichome nyumba."

Wale wanaimba.

"Mjomba, mama yuko pale. Nyuma ya jeneza."

Nikasema mpe mama simu. Ikakatika. Nikapiga, nikapiga. Torika kachukua gari kwenda gatini. Mimi nimebaki na simu, kwa kuwa lazima mtu abaki na simu.

Torika kapiga saa nane kasoro: barabara ya bandari imefungwa na magari ya msiba, anakwenda kwa miguu. Kapiga tena: kachelewa, Ulamila kapanda na waombolezaji. Kisha honi. Nimeisikia mpaka hapa.

Sasa hivi Jagdish kapiga mwenyewe, kutoka Nadi.

"Profesa, nikushukuruje? Ukoo wa chifu umenipigia. Wamelia kwenye simu. Wanasema hawajawahi kuheshimiwa hivi. Ulimpendekeza vizuri mno."

Nikamwambia irudishe meli.

"Nimrudishe chifu aliyekufa?"

Nikamwambia imejaa kupita kiasi, dada yangu yumo, upepo unakuja, na mimi nilikuambia, Jagdish, nilikuambia mezani kwako. Nikapiga kelele. Akasema ngoja, ngoja, usikate, anaongea na mtu wa bandari kwenye simu nyingine, aulize.

Nasubiri. Naandika ili mkono uwe na kazi. Dirishani meli inaonekana, nyeupe, imeshakaribia mlango wa mwamba, pa kutokea bahari kuu. Imelala upande kidogo. Au ni kioo. Nimefungua dirisha. Si kioo.

Simu iko wazi sikioni. Jagdish anamwambia mtu wa bandari hakuna haja ya wasiwasi, kijana aliyepakia ni wa kuaminika. Mtu wa bandari lazima kauliza nani anasema hivyo, kwa kuwa Jagdish sasa anataja jina langu, polepole, herufi kwa herufi, na nasikia hata hapa yule mtu akisema, aa, kama ni huyo, basi iende.