Ukurasa Mmoja Umebaki

Dada yangu wa mbali,

Nyota yangu imewaka! Makumbusho yetu ya mtaa yanachangisha fedha tuununue msitu wa chemchemi kabla mwenyewe hajawauzia wakata mbao. Na mimi, mlinzi niliyeishia darasa la nne, ndiye ninayewatembeza wageni. Wanajaa hadi mlangoni! Kinu cha mama wanakipapasa kama mtoto mchanga. Bibi mmoja kaniambia, "Kaka, wewe ni profesa uliyekosa chaki tu!" Kitabu cha wageni kimebaki ukurasa mmoja.

Huo nimekuwekea wewe. Njoo kabla ya Ijumaa, shoka halina subira.

Dada, nimekudanganya. Majina yote nimeyaandika mimi. Mkono wa kulia ukichoka, nahamia wa kushoto. Hajaja mtu.

Kakako,
Profesa