Mume Wangu Anataka Tufurahi "Tena Kidogo"

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo jingine la kusikika mtaa wa tatu, maana la kwanza nimeshalifanya na sijutii, au labda najuta nusu, sijui, ndiyo sababu nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za nyumba tuliyopanga huku pwani, mchanga umenijaa mpaka masikioni na ndani hakuna anayesema na mwenzake.

Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa darasa la pili na mdogo wake ambaye hajaanza shule. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mwaka mzima mikono yangu imo kwenye mashuka ya wagonjwa na maji ya dawa, kwa hiyo huu mwezi mmoja wa likizo ndefu, joto likiwa limepamba moto, tunapofunga nyumba na kuja kukaa karibu na bahari, mimi nausubiri kama mtoto anavyosubiri nguo mpya. Sitaki makubwa. Nataka kuamka nimechelewa, kunywa chai nje na kuwaona wanangu wakichafuka bila mtu wa kuwakemea. Mwaka huu tulimchukua na mama mkwe, mjane, mtu mzima mpole, ambaye maisha yake yote aliishi bara na bahari aliiona kwenye kalenda tu.

Sasa mume wangu. Mume wangu ni mpiga picha za harusi, na simnyimi haki yake, ni fundi. Lakini ana neno lake moja, "tena kidogo". Bibi harusi akishalishwa keki, yeye huinua mkono, "Tena kidogo, hapo sikukupata," basi bibi harusi wa watu anafungua mdomo upya na keki inarudi. Wamemzoea, mtaani kwetu hata muuza maji anamwita Tena Kidogo. Kazini sawa, harusini watu wamejipamba ili wapigwe picha. Ila mshauri, huyu bwana amekuja na kazi yake likizo, na mabibi harusi wake ni sisi.

Siku tulipofika tu, tulishuka na mizigo, watoto wakaiona bahari wakaangusha vikapu wakakimbia, akatuita wote turudi, tubebe mizigo upya, tuione bahari kwa mara ya kwanza kwa mara ya pili. Mdogo alikuta kaa ndani ya kiatu chake cha raba, akaruka, akacheka mpaka akakaa chini, mara nasikia "tena kidogo", kaa wa watu akarudishwa ndani ya kiatu, mtoto akaambiwa avae, na kaa naye alikuwa ameshachoshwa na maonyesho, akamfinya kidole. Mtoto akalia. Kilio nacho kilipigwa picha. Binti yangu alipojifunza kuelea chali, peke yake, nikiwa nimeondoa mikono yangu mgongoni mwake bila yeye kujua, alisimamishwa arudie huku anatabasamu upande wa jua, akanywa maji ya chumvi, na tangu hapo hataki kusikia habari za kuelea. Yeye baba mtu wakati wote huo yuko kwenye mchanga mkavu, viatu vya kamba miguuni, suruali imepigwa pasi, anatuamrisha kama msimamizi wa ujenzi. Ukimwambia njoo basi uoge na wanao, anasema kamera haipendi maji.

Unajua furaha yetu iko wapi? Iko kwenye chaja. Betri ikiisha anaingia ndani kuichaji na kukaa nayo, na sisi huku nje ndipo tunapokuwa watu, tunarushiana maji, mama mkwe anawafundisha wajukuu kuimba nyimbo za kuchekesha, mkate unaliwa na mchanga wake na hakuna anayejali. Umeme ukikatika wanangu wanapiga makofi! Watoto gani duniani hushangilia giza?

Juzi tukiwa mezani niliwasimulia kisa cha msimamizi wetu wa kufulia aliyejifungia ndani ya kabati la mashuka akidhani ni mlango wa kutokea. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Binti yangu alijizuia, midomo ameibana, akamgeukia baba yake akamwuliza, "Baba, nicheke sasa?" Mshauri, kikombe changu cha chai nilikirudisha mezani. Na baba mtu hakusikia uchungu wowote, alisema, "Subiri niwashe taa."

Nilikaa na hasira hiyo mpaka jana asubuhi. Mama mkwe, ambaye tangu tufike alikuwa anaishia pale maji yanapokomea, bila kubembelezwa na mtu alifunga nguo yake juu ya magoti akaanza kutembea kuelekea majini. Wimbi likamjia, likampiga mapajani, na yule mama akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mzima, yowe la msichana, kisha akaanza kucheka na kuyapiga maji kwa viganja, "Yananisukuma! Jamani yananisukuma!" Wajukuu wakamrukia. Mimi nilikuwa nalia na sikuona aibu.

Huyo hapo, anatoka nyumbani mbio. "Mama! Toka! Toka uingie tena, na lile yowe ulipige vilevile! Tena kidogo!"

Akatoka. Ni mama, anampenda mwanawe, akatoka. Akaingia tena. Hakupiga yowe, akaambiwa arudie. Akatoka, akaingia, wimbi likampiga, akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Akasimama pale maji yanamtiririka, akasema, "Mwanangu, lilikuwa moja tu. Limeisha." Na mume wangu akamjibu, "Jaribu, mama."

Jaribu, mama!

Nilimwendea nikaivua ile kamera shingoni mwake. Alidhani nataka kumsaidia kushika. Nikaingia nayo majini mpaka kifuani, nikaizamisha, nikaishikilia kule chini kama ninavyozamisha shuka lenye damu, huku yeye amesimama palepale ukingoni anapiga kelele, "Rudi! Umerukwa na akili? Rudi!" Nilipotosheka nilirudi, nikamvisha shingoni inachuruzika, nikamwambia, "Haya. Tena kidogo."

Sasa ni vita. Hasemi nami. Kumbe kwenye ile kamera kulikuwa na harusi nzima ya watu ambayo alikuwa hajaihamisha, maana alitoka kwenye sherehe yao na papo hapo tukaanza safari ya kuja huku. Dada yake mkubwa, wifi yangu, alipigiwa simu, na leo mchana ameshuka na mabegi mawili, hata maji hajanywa, anasema, "Wifi, umempiga mdogo wangu mkononi. Kifaa kile ndicho kinachowalisha. Omba msamaha mbele ya watu wote, upige magoti." Mama mkwe amejifungia chumbani anakunja nguo zilizokwishakunjwa na hataki tena hata dirisha la upande wa bahari lifunguliwe. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Bado tuna zaidi ya wiki moja hapa. Niombe msamaha? Au niwafungashe wanangu nirudi nyumbani, nimwachie bahari na picha zake, na tukifika huko tuongee ya kuachana?

Ni mimi,
Mke wa Tena Kidogo

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Tena Kidogo,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nimekuvusha foleni ya wenzako, wanisamehe, ili jibu likukute ukiwa bado huko na mchanga wako masikioni.

Hasira yako ni ya haki. Mwanamume aliyemwambia mama yake mzazi "jaribu" wakati furaha imeshamkauka usoni alistahili kuzuiwa, na mimi ningekuwa wifi yako nisingeshuka na mabegi, ningeshuka na fimbo, na nisingeanza na wewe. Mtoto wa darasa la pili kuomba ruhusa ya kucheka! Hilo likiachwa liote mizizi utakuja kuwa na msichana wa miaka ishirini anayemtazama kila mtu usoni kabla ya kujua kama amefurahi. Ulifanya vizuri kukasirika. Hata ulichelewa.

Lakini nawe usijipigie makofi. Kuna bibi harusi na bwana harusi mahali fulani wanasubiri kuiona siku yao, na siku yao uliizamisha kwa mikono yako miwili kwa ugomvi usiowahusu. Wamekukosea nini? Itoeni kadi ya kuhifadhia picha kwenye hiyo kamera leo hii, isuuzeni kwa maji safi, ikausheni kivulini, na mtu yeyote asiichomeke kokote kabla haijafika kwa fundi wa vifaa hivyo. Kadi ndogo zile zina roho ngumu kuliko kamera. Kisha mpigieni simu bibi harusi, wewe ndiye uongee, umwambie ukweli kabla hajausikia pembeni. Na mumeo umwombe msamaha wa kifaa chake cha kazi. Wa kifaa tu, tena mkiwa wawili, umesimama kwa miguu yako. Hayo ya kupiga magoti mbele ya hadhara mwambie wifi yako hapana, umpe maji anywe, umwonyeshe basi la kurudi linapopita.

Sasa nikae chini, maana hapa ndipo uliponiudhi zaidi.

Umeniandikia kurasa nzima, una macho, umemwona mpaka kaa alivyochoka. Umeniambia mwenyewe kwamba mumeo haondoki kwenye mchanga mkavu. Umeniambia viatu vya kamba, suruali ya pasi, kamera haipendi maji. Umeniambia amelelewa bara na mama ambaye hajawahi kugusa bahari. Halafu ukaniambia kwamba umechukua chombo chake cha kazi, kilichobeba jasho lake na jina lake, ukakizamisha mbele ya macho yake hatua chache kutoka alipo, na yeye akabaki palepale ukingoni anapiga kelele.

Palepale! Mwanamke wee, hukujiuliza? Mwizi akimkwapulia mtu simu, mtu huyo huvuka barabara bila kutazama magari. Huyu anaona mkate wa wanawe unazama kwenye maji ya kifuani na hakukanyaga hata povu. Wiki zote hizi umelala na mtu anayeiogopa bahari kama kifo, na ukadhani ana majivuno. Na rudia kusoma ulichoandika mwenyewe kuhusu yale makelele yake. Hakusema "kamera yangu". Alisema "rudi".

Usichukue hilo ukamfutia makosa yake. Kuogopa maji hakuna aibu yoyote, wengi wetu tunaogopa na tumetulia kimya na soda zetu. Ila kuwatoa watu majini kila wanapoanza kusahau kama upo, kisa wewe huwezi kuwafuata, huo ni uchoyo, na aambiwe hivyo bila kupakwa mafuta. Mwambie wewe. Mwambie na lile la chai na "nicheke sasa", ulirudie mpaka uone limeingia, maana mtu anayetazama kupitia kitundu siku nzima hukosa mengi yaliyo mbele ya pua yake.

Habari za kuachana sizitaki kuzisikia kwa wiki hii. Na mizigo usifungashe. Ukiondoka sasa, mama mkwe wako ataondoka akiamini kwamba siku pekee aliyofurahi baharini ndiyo iliyovunja nyumba ya mwanawe, na hatakaa aisahau. Huyo ndiye wa kushughulikiwa kwanza. Nenda chumbani kwake sasa hivi, na gazeti hili uliache mezani. Usimwombe aje baharini. Kaa naye, kunjueni hizo nguo alizozikunja na kuzikunja upya, mwambie ulilisikia yowe lake na kwamba mwilini mwako lingalipo. Halafu mweleze ulichokigundua kuhusu mwanawe. Mimi sina shaka atakachofanya, nami ni mama.

Asubuhi yoyote watakayokuwa tayari, nendeni wote pale maji yanapofika vifundoni, bila kamera, bila simu, chaja ibaki ukutani. Avue vile viatu mwenyewe. Mama yake amshike mkono mmoja, binti yenu amshike wa pili, maana huyo tayari anajua kuelea hata kama amegoma. Mkikaa vifundoni mpaka chakula cha mchana, kaeni. Likizo ni yenu.

Na wimbi likija, akapiga yowe baba mzima, binti yako atakugeukia wewe akutazame usoni kwanza. Usimjibu. Cheka.