Beki Anayesema Pole

Beltsville, Maryland
7 Machi 2006

Kwako Kaka Gwakisa,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na mguu wa mama umepata nafuu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Roho yangu ndiyo imechafuka, na nakuandikia wewe kwa sababu ulicheza beki miaka yako ya Mbeya, na mpwa wako Ombeni anakusikiliza wewe tu.

Kaka, mwanangu amekataa! Timu moja ya vijana ya Minnesota, huko wanakopikwa wachezaji wa kulipwa wa mpira wa magongo wa barafuni, imemtaka, naye kasema haendi. Miaka yote hii tunampeleka mazoezini Rockville alfajiri, mimi natoka zamu ya kuhudumia wagonjwa moja kwa moja, nguo za kazi mwilini, natetemeka kwenye benchi kama kuku aliyenyeshewa. Halafu haendi!

Na si kwamba hawezi. Zamani alikuwa anaanguka kila akigeuka. Sasa ana miaka kumi na saba, ni beki anayerudi kinyumenyume kwa kasi ambayo wengine hawaifikii wakienda mbele. Kocha aliniambia kipaji anacho, kimo anacho, kasoro ni moja tu: hana ukatili. Akimbamiza mpinzani ukutani, anasimama, anamwinamia na kumwambia pole. Huyo huyo ambaye nyumbani nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza! Yeye anatoa pole, wale wanakwenda kufunga bao. Kocha akaniuliza neno hilo maana yake nini. Nikamweleza kwamba si kuomba radhi, ni kumwonea mtu huruma hata kama hukumkosea, ndivyo nilivyomlea. Akasema basi huruma isubiri mchezo uishe, kwani watafuta vipaji wameshaanza kumcheka. Nilikasirika, lakini maneno yale yaliniingia.

Jumamosi akaja mtafuta vipaji wa Minnesota. Shemeji yako Cosmas alikuwa kazini, nilikwenda peke yangu. Kipindi cha mwisho Ombeni akamkumba kijana mmoja, kihalali kabisa, yule akaenda chini na hakuinuka. Ombeni akageuka kumrudia.

Hapa pana jambo ambalo hata Cosmas sijamwambia. Nilisimama nikampigia kelele mwanangu kwa Kiswahili, ili aelewe yeye peke yake, kwamba amwache hapohapo aende na mpira. Akaniangalia. Akaenda, akatoa pasi, likawa bao. Watu wakashangilia, nami nikashangilia, na mama wa yule kijana amekaa safu ya mbele yangu. Mwanawe alitolewa kwa machela, bega limevunjika.

Yule bwana wa Minnesota alinipa mkono, akasema sasa mwanao amekuwa beki. Ndani ya gari Ombeni akaniambia, kwa Kiswahili, kwamba haendi kokote.

Nilianza barua hii nikitaka umpigie simu umshurutishe. Bado nataka aende, sikufichi. Lakini ukimpigia, msikilize kwanza, maana mimi sina uso wa kumwuliza.

Nisalimie wifi, na mama mwambie sweta lake nimeshalinunua. Cosmas anawasalimu nyote. Salamu za Ombeni sina. Tangu Jumamosi hanisemeshi.

Ni mimi mdogo wako,
Edna