Mchezaji Ninayemjua Kuliko Baba

Jumanne

Pua yake ilivunjika mara mbili, si moja. Mjukuu wake, mama mmoja wa mji wa Thornhill, amenithibitishia leo. Sasa maisha ya huyu mchezaji wa kale ninayemtafiti, wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, ile ya kubeba mpira mikononi, ninayo karibu yote: uzito, majeraha, hata alichokula kabla ya mechi.

Nikamsimulia dada yangu Zuhura kwenye simu. Akacheka. "Kaka, Mzungu marehemu unamjua hivyo! Haya, baba alicheza namba ngapi?"

Sikujua. Baba alichezea timu ya reli Tanga, na siku hizi hata majina yetu yanampotea. Natamani kumsikia akisimulia mechi moja tu, tangu filimbi ya kwanza.

Jumamosi, saa nne asubuhi kwa saa za nyumbani, Zuhura atamshikia baba simu nimuulize. Asubuhi huwa anakumbuka.