Bukini Ilivyobanduka na Bara

Mgeta, milima ya Uluguru

Mama Saidi mpenzi,

Nakusalimu kutoka ndani ya ukungu. Huku ugali hupoa kabla haujafika mdomoni. Jana nilimwomba dada Mwanne, mgawaji wa mashamba ya ukoo wetu, kiwanja cha kujenga. Sauti yake imekuwa ya marehemu mama kabisa. Akaniuliza, mtu aliyehamia pwani tangu ujanani anarudi kwa haki gani?

Nikamtolea kombe la bahari lililogeuka jiwe, nililookota Ngerengere palipochimbwa njia ya reli. Nikamweleza nilivyoelezwa na Mdachi mpima mawe: zamani Bukini, kile kisiwa kikubwa cha ng'ambo ya bahari, ilishikana na bara letu. Ardhi ikavutwa kama unavyovuta donge la chapati, ikakonda, ikapasuka. Ukingo ukatitia, bahari ikaingia hadi Ngerengere, na Bukini ikaenda zake.

"Na imerudi?"

"Haijarudi, dada."

"Basi una adabu kuliko Bukini. Jenga pale juu ya mfereji. Ila huyo mkeo wa pwani atalima, au ataketi ahesabu mawingu?"

Nimekutetea, nikasema utalima. Usiniaibishe. Njoo na mablanketi yote. Nakungoja kwa hamu.

Mumeo,
Baba Saidi