Mota Uliyoiunguza Iko Kwenye Sahani

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mota ya gari lako la rimoti uliyoiunguza asubuhi iko kwenye sahani ya bati. Nguo zianue kabla ya mvua.

Usiwaambie watoto kwamba ilijifia yenyewe. Ulikizungusha kifuniko chake cha nyuma mpaka mwisho ili izidi mbio, nikakwambia itashika joto. Ukanijibu mbele yao, "Wewe ni fundi wa feni, mambo ya magari ya rimoti niachie." Nikaendelea kupiga pasi. Haikupita dakika tano, nyumba nzima ikanuka waya.

Nimekufungia ile nyingine, uliyoiita mota ya bibi kizee. Waya wake una mizunguko mingi, kwa hiyo haina mbio, lakini ukiigusa kidogo inaitika kidogo, na gari la kuserereka kwenye kona linataka hivyo hivyo. Kifuniko nimekirudisha katikati. Ukishalijaribu hapo sebuleni, ishike mota kwa vidole. Ukishindwa kuhesabu hadi tano kwa joto, kirudishe kifuniko nyuma zaidi.

~~Jumamosi nenda mashindanoni na rafiki zako, mimi sina nafasi.~~

Jumamosi nakuja. Lile gari bovu ulilolitupa juu ya kabati nimelitengeneza kazini mwezi mzima, na nimeshajiandikisha. Tumepangwa kuserereka pamoja, wewe mbele, mimi nyuma yako. Ukifika kwenye kona usipunguze mwendo, maana mimi sitapunguza.

Mama watoto,
fundi wa feni